Mama Ameambiwa

Sikumpenda mwanamke huyu, na naona heri niseme mapema. Watu wakisikia habari za nesi wa zamani hutarajia upole na mikono laini. Huyu alikuwa na mikono mikubwa yenye harufu ya spiriti, na watoto wa kijiji kizima walianza kulia mara walipoona baiskeli yake imeegemezwa kwenye ukuta wa ghala. Jina lake nalijua lakini silitaji. Kijijini tulimwita Mama Mizani, naye aliitika, kwa hiyo hata hapa atabaki Mama Mizani.

Wala sitaeleza alizaliwa wapi na nani. Inatosha kwamba hakuwa wa kwetu. Alitoka huko ambako Kiswahili ni lugha ya mama na ya bibi, akapangiwa zahanati yetu iliyokuwa karibu na Nanyala, kando ya barabara kuu, miaka ile ambayo sisi wenyewe tulikuwa wageni pale. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashamba yetu ya Isansa wakati wa operesheni ya vijiji, tukapangwa kwa mistari, nyumba kumi kumi, na tukaambiwa kwamba sasa huduma zitatufikia. Maji hayakufika. Barabara ya ndani haikufika. Mama Mizani alifika.

Alikuwa na jiwe. Lilikuwa la kijivu, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, na alilifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu akalibeba chini kabisa ya kikapu. Lilikuwa na uzito wa kilo tano kamili. Alilipima mwenyewe kwenye hospitali kubwa alikosomea, na tangu siku hiyo hakuachana nalo. Kila siku ya kliniki, mara moja kwa mwezi kwenye ghala la kijiji, kabla ya mtoto yeyote, alitundika mizani kwenye boriti ya ghala, akaning'iniza ile kaptula ya turubai ya kupimia watoto, akatia jiwe ndani. Halafu alirudi nyuma hatua mbili na kuutazama mshale mpaka utulie. Ukigoma kusimama kwenye tano, alizungusha skrubu, akapima tena, na tena. Wanawake wangeweza kungoja pale mlangoni na watoto migongoni hata nusu saa.

"Mizani ni kama mtu," alisema. "Ukiiamini bila kuijaribu, itakudanganya."

Nimelisikia neno hilo mara nyingi kuliko Baba Yetu. Naliandika hapa kwa makusudi, na nitalirudia.

Hakukosa hata Jumanne moja ya kliniki. Mvua za kwetu zinapokomaa, ule udongo mwekundu hushika gurudumu la baiskeli mpaka lisizunguke, na tulimwona anakuja kwa mbali, baiskeli begani, kikapu kichwani, gauni jeupe limefungwa juu ya magoti. Alifika ametapakaa matope, akanawa miguu kwenye ndoo, akavaa raba zake alizozificha kwenye mfuko, akatundika mizani. Mwaka ambao sabuni ilikuwa haionekani madukani na sisi tulifulia majivu, ile kaptula ya turubai ilikuwa safi kila mwezi. Alikuwa anaifua kwa kipande cha sabuni cha mgawo wake mwenyewe, huku yeye akiogea maji matupu. Hilo nampa. Sitaki kumpa mengi, lakini hilo nampa.

Nampa na la mwenyekiti. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mkubwa pale, mwenye funguo za ghala na koti la mifuko minne. Siku moja alikuja na magunia mawili ya maharage ya shamba la kijiji, akataka aazimwe mizani "dakika mbili tu" ili ayapime kabla lori halijaja. Mama Mizani alisimama mbele ya boriti, mikono kiunoni.

"Hii haipimi chakula, ndugu mwenyekiti. Inapima mlaji."

"Nesi, ghala ni la kijiji."

"Na boriti ni ya kijiji. Chukua boriti, uache mizani."

Wanawake walicheka mpaka mwenyekiti akaondoka na magunia yake. Baadaye alimpelekea sukari kilo moja nyumbani, ili wapatane. Aliirudisha. "Mizani haina shemeji," alisema. Ndivyo alivyokuwa, hachukui kitu cha mtu. Msomaji alikumbuke hilo nitakapofika kwa kuku.

Lakini ulimi wake! Sijawahi kuona mtu anayewapenda watoto kiasi kile na kuwachukia mama zao kiasi kile. "Wewe mama, huu ni uchafu au ni ngozi?" "Wewe, mtoto wa mwaka mmoja bado unampa uji mweupe kama maji ya kuoshea vyombo?" "Mtoto akikonda usimuulize mganga, uliza chungu chako." Asubuhi, mama zetu wakiwa wamepanga foleni na jua halijakolea, aliwasomesha darasa: chakula cha kujenga mwili, chakula cha kutia nguvu, chakula cha kulinda mwili. Darasa lilikwenda mbio, kwa Kiswahili cha kwao kinachoteleza kama bamia, na wanawake waliitikia kwa pamoja, "Ndiyo nesi." Nyumbani tulisema Kinyiha. Kiswahili kilikuwa cha mkutanoni na shuleni. Kati ya wanawake themanini pale mlangoni, labda kumi walielewa nusu ya alichosema, na wote themanini waliitikia.

Kisha walipita mmoja mmoja kwenye mizani, na pale hakukuwa na darasa. Palikuwa na neno moja tu, maana foleni ilikuwa ndefu. Mtoto akining'inia na kupiga kelele, Mama Mizani alisoma mshale, akaweka nukta kwenye kadi, akamtazama mama usoni na kusema: "Mzito, vizuri." Au: "Mwepesi." Halafu, "Anayefuata!"

Sasa inabidi nieleze habari ya kisomo, maana bila hiyo hasira yangu haitaeleweka.

Siku hizo watu wazima walisoma. Kila jioni baada ya shamba la kijiji, mama zetu na baba zetu walikwenda kwenye darasa la elimu ya watu wazima chini ya paa la shule, wakiwa na madaftari na penseli. Mwalimu wa kisomo alikuwa kijana mwenye bidii aliyependa mpangilio. Alikuwa na mabenchi mawili. La mbele aliliita benchi la wepesi, na la nyuma benchi la wazito. Waliotambua herufi haraka walikaa mbele. Waliosuasua walikaa nyuma. Mama yangu alianza nyuma kama wote, na baada ya miezi mitatu mwalimu alimsimamisha mbele ya watu.

"Mama Yusta ni mwepesi!" alitangaza, na watu wakampigia makofi.

Yusta ni mimi. Nilikuwa darasa la nne, na nakumbuka mama alivyorudi nyumbani siku ile, ameshika daftari kifuani. Sidhani kama mtu yeyote aliwahi kumsifu hadharani kabla ya siku ile. Baba alikuwa amebaki nyuma, kwenye benchi la wazito, na alibaki huko mpaka alipoacha kwenda.

Kwa hiyo kijijini kwetu kila mtu alijua maana ya maneno hayo mawili. Mwepesi ni mwerevu, mchangamfu, mwenye akili inayokwenda. Mzito ni mjinga. Kila mtu alijua, isipokuwa mtu mmoja aliyetoka pwani na kikapu chake na jiwe lake, ambaye hakukanyaga darasa la kisomo hata siku moja kwa sababu, alisema, Kiswahili alizaliwa nacho.

Jirani yetu Mama Festo alikuwa na mtoto mnene kama mkungu wa ndizi. Alipimwa, na Mama Mizani, kwa mara moja katika mwaka, alifurahi. "Mzito huyu! Mzito kweli!" Mama Festo alimnyanyua mwanawe kutoka kwenye kaptula. Alipofika nje alilipuka.

"Mutoto wangu hajasema hata neno moja, amejuaje kama ni mujinga? Na yeye huyo amezaa wangapi?"

Hakurudi kliniki tena. Sisi tulicheka wiki nzima. Mama yangu alimfariji: "Pengine ataamka akikua." Mimi nilikuwa napata vizuri Kiswahili shuleni, na mimi pia nilicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mtu aiite mizani ije kupima akili.

Mdogo wangu aliitwa Sara. Alizaliwa vizuri. Alipofika miezi minane mama alikuwa anashinda shamba la kijiji tangu alfajiri, maziwa yakapungua, na Sara akawa anakula uji tunaompikia sisi watoto, mweupe, wa mahindi na chumvi. Alikuwa mtoto wa kucheka. Alitambaa mapema, akashika ukuta mapema. Mikono yake ilikuwa myembamba lakini watoto wengi walikuwa hivyo, na baba alisema ukoo wao ni wa watu wembamba.

Kadi yake ninayo hapa mezani. Ina mistari miwili iliyopinda kama njia ya kupanda mlima, na nukta za wino wa bluu. Nukta za kwanza ziko juu, kati ya mistari. Kisha zinashuka. Kisomo hakikufundisha mistari iliyopinda. Lakini pembeni, kwa herufi kubwa safi ambazo mtu wa kisomo anaweza kuzisoma, Mama Mizani aliandika: "Mwepesi. Mama ameambiwa." Mwezi uliofuata: "Mwepesi. Mama ameambiwa." Na uliofuata.

Mama aliketi kizingitini na kadi ile, akaisoma kwa kidole, jirani wakisikia. "Mwe-pe-si. Ma-ma a-me-a-mbi-wa." Yalikuwa maandishi ya kwanza ya serikali aliyoweza kuyasoma bila msaada, na yalimsifu mwanawe. Tukaanza kumwita mtoto kwa neno hilo. Hata baba alimwita hivyo. "Mwepesi yuko wapi? Mwepesi, njoo!" Naye alikuja, akitambaa.

Na pale kwenye mizani, kila mwezi, Mama Mizani alimwambia mama "Mwepesi," na kila mwezi mama alitabasamu uso mzima, akapiga goti kidogo na kusema, "Asante sana, nesi. Mungu akubariki."

Hapo ndipo damu inaponichemka mpaka leo. Unamwambia mwanamke kwamba mwanawe anapungua, naye anakushukuru. Huulizi? Mwezi wa kwanza huulizi, sawa, una foleni. Mwezi wa pili? Wa tatu? Wewe unayepima jiwe asubuhi mpaka skrubu ilegee, huoni kwamba hapa kuna kitu kimekosa kusimama kwenye tano? Hakuuliza. Aliwaambia wenzake wa zahanati, na maneno yalitufikia baadaye: "Akina mama wa huku ukiwaambia mtoto anakwisha wanakuchekea."

Tulikuwa na karanga. Nataka hilo lijulikane. Tulikuwa na debe zima la karanga chini ya kitanda, na maharage, na mbuzi mmoja wa maziwa wa shangazi aliyekuwa jirani. Kama mtu yeyote angemwambia mama kwa lugha yoyote, hata kwa vidole, kwamba mtoto huyu hashibi, mama angetwanga karanga zile siku ileile.

Mara ya nne kadi inasema: "Mwepesi SANA. Mama ameambiwa." Neno sana limeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari. Mama alilia kwa furaha. Jumanne ya kliniki iliyofuata, ya tano, alimkamata kuku wetu mwenye madoa, pekee aliyekuwa anataga, akamfunga miguu na kumpeleka kliniki. Nilikuwepo, shule ilikuwa imefungwa.

"Wa nini huyu?" aliuliza Mama Mizani.

"Wa asante, nesi."

"Asante ya nini?"

"Ya mutoto," mama alisema, akamwonyesha Sara aliyening'inia kwenye kaptula ya turubai, miguu imetoka kama njiti.

Mama Mizani aliyerudisha sukari ya mwenyekiti alimtazama kuku, akamtazama mtoto, akatikisa kichwa. Kisha akamfunga kuku kwenye keria ya baiskeli. Nilimsikia akimwambia msaidizi wake, kwa sauti ya kusikika, "Mtoto hapewi yai, mimi napewa kuku." Mama alisikia kuku, akatabasamu tena. Kuku alikwenda zahanati, na mayai yakaenda naye.

Surua ilipita kijijini mwishoni mwa mvua. Sindano yake haikuwa imetufikia. Watoto wengi waliugua, Festo naye aliugua, akalala siku tano macho yamejaa usaha, akapona, mwili ukiwa na mahali pa kupungua. Sara hakuwa na mahali pa kupungua. Alikwenda siku ya nne, mchana, mama akiwa amempakata, baba amekwenda kutafuta maji ya majani kwa mzee mmoja.

Mama Mizani alikuja msibani. Alikuja na baiskeli yake, akaketi na wanawake, na nasema kweli, alilia. Machozi niliyaona. Lakini alipofuta uso alisimama, na hasira yake ikamshinda, akasema mbele ya wafiwa wote, mbele ya baba na wazee wa ukoo:

"Huyu mama nilimwambia. Kila mwezi nilimwambia. Ipo kwenye kadi, imeandikwa, someni wenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Akamweleza msaidizi wa mchungaji, Mnyiha aliyejua Kiswahili vizuri, ni nini alichokuwa amemwambia mama. Yule bwana akatafsiri. Ndipo kwa mara ya kwanza, kaburi likiwa bado bichi, mama yangu alijua neno mwepesi kwenye mizani lina maana gani.

Hakujitetea. Angesema nini? Kwamba alidhani anasifiwa? Alinyamaza, na kunyamaza kwake wakakuchukua kuwa ndiyo. Tangu siku ile ukoo wa baba walijua kwamba Mama Yusta aliambiwa mwanawe anakufa akapuuza. Na baba, Mungu amsamehe maana mimi sijaweza, alipata neno. Chungu kikiungua: "Wewe huambiwi?" Mbuzi akikata kamba: "Uliambiwa." Miaka kumi mizima, mbele ya wageni, mbele ya wakwe. "Huyu? Huyu aliambiwa."

Mama aliacha kisomo wiki ileile. Daftari lake alilitia motoni. Barua zikija nilizisoma mimi, na siku nilipoolewa alianza kuzipeleka kwa mtoto wa jirani. Mtu aliyekaa benchi la mbele hakusoma tena herufi moja. Kadi ya Sara aliificha chini ya sanduku la bati, na siku niliyoondoka nyumbani niliichukua bila kuomba.

Niliolewa Tunduma, na fundi wa malori. Ilikuwa miaka ya foleni, sukari na mafuta ya kupikia vikija kutoka upande wa pili wa mpaka. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, jirani yangu, mke wa mfanyabiashara mmoja kutoka Kigoma, aliniambia, "Peleka mtoto kliniki ya huku juu. Kuna nesi mzee mkali, lakini anajua kazi. Ana jiwe lake analipima kabla ya watoto." Nilitia kadi ya Sara ndani ya kadi ya mwanangu, nikaenda.

Alikuwa amezeeka. Miwani imefungwa kwa uzi, nywele nyeupe zimechomoza chini ya kofia. Jiwe lilikuwa mezani juu ya kanga yake. Foleni ilikuwa ya kila lugha: Kinamwanga, Kinyakyusa, Kindali, Kibemba, wanawake wa Kiislamu wenye mitandio, wasichana waliovuka mpaka asubuhi na vikapu vyao. Mbele yangu alikuwepo mama kijana mwenye kitenge cha njano. Mtoto wake alivaa kofia ya sufu iliyomzidi, na shingo ilikuwa nyembamba kuliko mkono wangu.

Mama Mizani alisoma mshale, akaweka nukta. "Mwepesi," alisema. "Umesikia, mama? Mwepesi."

Yule mama akatabasamu. "Natotela, mukwai," akasema, ndiyo asante yao, akamfunga mtoto mgongoni na kutoka.

"Anayefuata!"

Nilifundishwa adabu. Nikasema "Shikamoo," akaitikia "Marahaba, mwanangu," akanyoosha mikono ampokee mtoto. Sikumpa mtoto. Nilimpa kadi ya Sara.

Aliivua miwani, akaivaa tena. Alitambua mwandiko kabla ya jina. "Hii ni ya kule Nanyala," alisema. "Mtoto huyu alifariki. Nilimwambia mama yake kila mwezi."

"Ulimwambia nini?"

"Si hiki hapa? Mwepesi."

"Mama yangu alisoma kisomo," nilisema, na sauti yangu ilipanda mpaka foleni nzima ikageuka. "Kwenye kisomo mwepesi ni mtu mwenye akili. Mzito ni mjinga. Kijiji kizima kilijua. Ulimwambia mwanawe ana akili. Ulipoandika sana, alikuletea kuku."

"Kiswahili gani hicho?" alifoka, na kwa dakika moja alikuwa yuleyule, mikono kiunoni. "Mwepesi ni mwepesi! Nitafute Kiswahili gani kingine, mimi? Mtu haelewi si aulize!"

"Aulize nini? Alielewa. Alikushukuru mara tano. Wewe ndiye hukuuliza. Jiwe unalijaribu kila asubuhi, neno lako hukulijaribu hata siku moja."

Alilitazama jiwe. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliuliza polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani:

"Yule kuku alikuwa wa hilo?"

"Alikuwa anataga."

Aliketi. Mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya kadi. "Nilimla Jumapili," alisema. "Nilimla nikimtukana mama yako." Hakuniomba msamaha, na sikuja kusamehe. Alichukua kalamu, ya bluu ileile, akapitisha mstari juu ya neno la mwisho la maandishi ya kwanza, akaandika jingine juu yake. Akaenda ya pili. Ya tatu. Mara tano, bila haraka, na chini akaweka sahihi yake. Akanirudishia kadi.

Kisha akainuka ghafla hata kiti kikaanguka. "Yule mama wa kitenge cha njano!" alipiga kelele. "Mrudisheni! Nani anasema lugha yake? Mrudisheni!" Na kabla mtu hajaondoka akatoka mwenyewe, anakimbia na raba zake kwenye vumbi la barabara ya mpakani, kati ya malori na mikokoteni, mzee wa kuchekesha, akiita mtu ambaye hajui jina lake. Alimshika karibu na kizuizi cha forodha. Niliwaona kwa mbali, yeye na msichana mmoja muuza nyanya aliyejua Kibemba. Alikuwa ameushika mkono wa yule mtoto kwa vidole viwili, anaonyesha, na yule mama hakuwa anatabasamu tena.

Sikungoja. Jumamosi nilipanda lori la rafiki wa mume wangu mpaka Nanyala. Mama alikuwa uani anapepeta mahindi, baba ameketi kivulini nyuma ya jiko na kikombe chake. Nilimwekea mama kadi mapajani. Aliitambua, akanitazama kwa kunilaumu, kisha akaona wino mpya.

Alifuta kidole kwenye kanga. Kidole kilipotea, kikarudi mwanzo. Midomo ilikwenda bila sauti. Nilitaka kumsomea, nikajizuia.

"Ma-ma," alisema hatimaye. "Ma-ma ha-ku-a-mbi-wa."

Akasoma ya pili. Akasoma zote tano, na ya tano aliisoma bila kukata. Halafu akaweka ungo chini, akasimama, akajikung'uta makapi.

"Mwite baba yako," alisema. "Na nduguze waitwe. Nitawasomea mwenyewe."